Nani Kaongeza Gesi?

Jumapili moja ya mwezi wa pili, saa saba mchana, barabara ya mbele ya stendi ya Buzuruga ilikuwa imeziba kabisa. Mabasi mawili yalikuwa yamekutana mdomoni mwa stendi, hili likitaka kuingia na lile kutoka, na kila dereva alikuwa anamsubiri mwenzake arudi nyuma. Wauza maji walipita katikati ya magari wakigonga vioo. Jua lilikuwa la utosini.

Ndani ya stesheni wagoni nyeupe, Kashindye Malimi aliinama juu ya usukani akibonyeza swichi ya kiyoyozi, anazima, anawasha, anazima tena. Hewa ilitoka baridi kidogo, ikageuka joto, ikatoka baridi tena, ikageuka joto. Nyuma yake kulikuwa na mifuko kumi na miwili ya nailoni iliyovimba kwa maji na oksijeni, na ndani ya mifuko hiyo walikuwamo vifaranga wa sato, maelfu, kila mmoja mdogo kama ukucha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alizalisha vifaranga kwenye matangi nyuma ya nyumba yake kule Mkolani, akawapelekea wafugaji wa samaki wenye vizimba ziwani. Maji yakipata joto njiani, vifaranga huanza kugeuka tumbo juu mmoja mmoja, na hakuna anayeweza kuwarudisha.

Kioo chake kikagongwa.

"Sinunui, dada, samahani," alisema bila kugeuka.

"Siuzi kitu. Nasikia kompresa yako inawaka na kuzima."

Hapo aligeuka. Msichana aliyesimama kwenye jua alikuwa amevaa gauni la kitenge la rangi ya chungwa lenye mikono iliyovimba, kilemba cha kitenge hicho hicho, na viatu vyeupe vya kisigino. Kwapani alibana kitabu cha nyimbo za kanisani. Alikuwa na macho makubwa, na yote mawili yalikuwa yanatazama boneti, si dereva.

"Nini yangu inawaka?"

"Kompresa ya AC, ile pampu ya gesi. Hebu sikiliza." Aliinua kidole. Chini ya boneti kikasikika kitu: tik. Kimya. Tik. "Inashika, inaachia. Hata sekunde tano hazifiki. Ukiendelea nayo hivyo utaua klachi yake, halafu kompresa yenyewe."

"Wewe umeyajuaje haya?"

"Ni kazi yangu."

Kashindye akatazama vile viatu vyeupe. "Kwa viatu hivyo?"

"Hivi ni vya Jumapili. Jumatatu nina buti." Akacheka, pengo dogo la katikati ya meno likaonekana. "Umeshaipeleka kwa fundi?"

"Watatu. Kila mmoja ananijazia gesi. Wiki mbili inapiga baridi safi, ya tatu inarudi hivi hivi."

"Na hakuna aliyetafuta inakovujia?"

Kashindye alifikiri. Ni kweli, hakuna hata mmoja. Basi la mbele likasogea, madereva wa nyuma wakaanza kupiga honi kwa pamoja. Msichana alimtajia namba yake ya simu harakaharaka, akitembea kando ya gari lililokwisha kuanza kwenda.

"Unaitwa nani?" Kashindye alipaza sauti.

"Evelina! Niko Mirongo, yadi ya Mzee Fatehali! Na fungua vioo, samaki wako wasichemke!"

Siku hiyo vifaranga karibu mia tatu walikufa kabla hajafika. Jioni, akiosha mikono, Kashindye aliona ameiandika ile namba kwa jina la "Dada wa AC". Akalifuta, akaandika "Evelina". Kisha akakaa kidogo akilitazama.

*

Kesho yake alimkuta ndani ya ovaroli ya bluu, na kweli alikuwa na buti. Yadi ya Mzee Fatehali ilikuwa nyuma ya duka lake la vipuri, mahali pa vivuli vya mabati na harufu ya mafuta. Mzee mwenyewe, mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri, aliketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki. Familia yake ilikuwa ikiuza vipuri Mwanza tangu babu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefuata fundi wangu wa baridi? Basi usimharakishe. Akiharakishwa ananuna."

"Sinuni, mzee," Evelina alisema kutoka chini ya boneti ya gari jingine. "Nafanya kazi tu bila kuongea."

Alilifungua gari la Kashindye, akafunga mipira ya geji zake mbili za kupimia presha, akamwambia awashe. Mshale wa geji ya bluu ulikuwa unacheza, unashuka karibu na sifuri, unapanda, unashuka.

"Njoo uone. Hapa kuna swichi ndogo inayoilinda kompresa. Gesi ikipungua sana, inaizima ili isijiue. Ikizima, presha inapanda kidogo, swichi inairuhusu iwake. Ikiwaka, inanyonya ile gesi kidogo iliyopo, presha inashuka, inazimwa tena. Ndiyo hiyo tik unayoisikia. Kompresa yako nzima, haina ugonjwa. Ina njaa."

Kashindye alicheka. Evelina hakucheka. Alikuwa amechukua tochi na anapitisha macho kwenye mabomba, polepole. Mwishowe alisimama kwenye kiungio kimoja karibu na kompresa, penye doa la mafuta lenye vumbi. Alipaka povu la sabuni. Mapovu madogo yakaanza kuota, moja baada ya jingine.

"Huyu hapa," alisema kwa sauti ya mtu aliyemwona rafiki. "Umekuwa ukipumulia hapa muda wote."

Alibadilisha kipira cha duara kilichokuwa kimekauka, akanyonya hewa yote kwa mashine, akasubiri nusu saa kuona kama mshale utasogea. Haukusogea. Ndipo akaweka mtungi wa gesi juu ya mizani, akasoma kibandiko kilichokuwa chini ya boneti, akajaza gesi kwa kipimo kile kile kilichoandikwa.

"Mbona unaacha? Mtungi bado una gesi."

"Gesi ya AC si chai, kwamba ukiongezewa unashukuru. Ikipungua ni taabu, ikizidi ni taabu vilevile. Mtu akija kukuongezea bila mizani, mfukuze."

Alichomeka kipimajoto kwenye tundu la hewa ndani ya gari, wakakaa wote wawili viti vya mbele, milango imefungwa, wakikitazama. Digrii kumi na tano. Kumi. Saba. Kompresa ilishika na kutulia. Hewa ya baridi iliwapiga usoni, na nje watu wa yadi walikuwa wanajifuta jasho.

"Asante," Kashindye alisema. "Hujui umenifanyia nini."

"Najua. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo ya barafu Nansio, kisiwani Ukerewe. Samaki wakiharibika, nyumba nzima tulikuwa hatuongei." Alifungua mlango, akatoa mguu mmoja, akasita. "Nipigie Jumatano uniambie mgonjwa anaendeleaje."

Alipiga siku hiyo hiyo saa kumi na moja.

"Leo si Jumatano," Evelina alisema.

"Mgonjwa hajambo. Mwenye mgonjwa ndiye anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Sijui. Labda nije unifunge zile geji."

Evelina alicheka mpaka akalazimika kukaa juu ya tairi.

*

Kuanzia hapo simu zao hazikuhesabika. Asubuhi Kashindye alimpigia kumwamsha, mchana kumuuliza kama amekula. Jumapili alimsubiri nje ya kanisa, kisha walikwenda Luchelele kula samaki wa kuchoma karibu na maji. Evelina alivaa magauni yake ya Jumapili, kila wiki rangi nyingine, na Kashindye alianza kupiga pasi mashati, jambo lililomshangaza kaka yake Masele, ambaye waliishi naye Mkolani.

"Mbona hugusi huyo sato?" Evelina alimuuliza mara ya kwanza.

"Nitamlaje mwanangu?"

"Basi nitawala wanao wote. Sogeza sahani hapa."

"Utawaua wajukuu wa mama yangu, Eve."

"Mama yako atanishukuru, hakuna nyumba ya kulaza wote hao."

Alikuwa na utani hivyo, lakini mambo ya kazi hakuyatania. Alimweleza jinsi wateja walivyokuwa wakimwita wakidhani yeye ni karani wa Mzee Fatehali, wakaomba waitiwe fundi. Ilimchukua miaka minne ya kutokosea mpaka wakamwamini. "Mwanamume akikosea, watu wanasema gari lilikuwa bovu," alisema. "Mimi nikikosea mara moja tu, watasema walijua tangu mwanzo." Kashindye alimshika mkono, akasema anaelewa. Alidhani anaelewa.

Mwezi wa tano mwishoni alipata oda kubwa kuliko zote. Kikundi cha akina mama ishirini na wawili, katika kijiji cha ufukweni mbele ya Magu, walikuwa wametengeneza vizimba vyao vya kwanza. Mwenyekiti wao, Mama Suzana, alimpigia mwenyewe.

"Mwanangu, hivi vizimba ndivyo tumaini letu la mwaka mzima. Utuletee vifaranga wazima."

"Wazima kabisa, mama. Gari langu lina baridi kama friji."

*

Ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana. Foleni ilisimama Igoma. Lori la saruji lilikuwa limekatika ekseli katikati ya barabara, na magari hayakuwa yanasogea hata hatua moja. Kashindye alikuwa na mifuko arobaini nyuma, imepangwa mpaka dirishani. Dakika kumi zikapita. Kisha akasikia: tik. Hewa ikageuka joto. Tik. Baridi kidogo. Tik. Joto.

Alitoka, akafungua mlango wa nyuma, akashika mfuko mmoja. Maji yalikuwa vuguvugu. Vifaranga walikuwa wamepanda juu wote, midomo wazi. Alimpigia Evelina simu.

Evelina alikuwa Mirongo, mikono yake imejaa mafuta ya kompresa. Aliipokea simu kwa kidole kidogo na kuiweka kwenye spika juu ya benchi. Mafundi watatu na wateja wawili walikuwa karibu. Mzee Fatehali alikuwa mlangoni.

"Haloo mpenzi…"

"AC yako imekufa, Evelina! Niko Igoma, nimesimama juani, samaki wanakufa!"

"Imezima kabisa, au inawaka na kuzima?"

"Inawaka na kuzima! Kama siku ile ile! Ulisema umetengeneza!"

"Feni ya mbele inazunguka? Chungulia."

"Inazunguka! Evelina, nina mifuko arobaini humu!"

"Una maji ya akiba?"

"Maji ya nini?"

"Kashindye. Una maji?"

"Nina dumu la maji ya samaki."

"Mbele kabisa, nyuma ya urembo wa mbele wa gari, kuna kitu kama rejeta. Hiyo ni kondensa. Imwagie maji kwa kikombe, taratibu, ilowe yote. Injini iwe inawaka. Usikate simu."

Watu wa yadi walikuwa wameacha kazi. Kupitia spika walisikia honi za Igoma, maji yakimwagika, kimya, maji tena. Kisha sauti ya Kashindye, ya kushangaa: "Imeshika. Inapiga baridi."

Evelina alifumba macho, akashusha pumzi. Alikuwa ameshaelewa.

"Basi gesi imezidi. Siku ile ilikuwa imepungua, leo imezidi. Gari likisimama juani presha inapanda kupita kiasi, swichi inaizima. Nani kaongeza gesi?"

"Hakuna."

"Mimi nilipima kwa mizani. Kuna mtu kaongeza. Fikiri."

"Naapa, hakuna mtu mwingine aliyegusa gari hili! Ni wewe tu, Evelina! Kama ulikosea, sema umekosea, yaishe. Usinitafutie mtu wa kumsingizia! Nilikuamini, nikawaambia watu una mikono ya dhahabu, kumbe na wewe ni walewale!"

Yadi nzima ilisikia. Mteja mmoja, ambaye gari lake lilikuwa la pili kwenye zamu ya Evelina, alitazama chini, akatoa ufunguo mfukoni.

Evelina hakupandisha sauti. "Kila ikizima, imwagie tena. Foleni ikifunguka, upepo wa kutembea utaipoza yenyewe. Wafikishe samaki."

Akakata. Kisha akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida, na alipogeuka lile gari la pili halikuwapo. Jioni Mzee Fatehali alimwambia aende akapumzike kwa baba yake siku chache. Asubuhi Evelina alipanda meli ya Nansio.

*

Vifaranga walifika. Mifuko miwili tu ndiyo iliyoharibika. Akina mama walipiga vigelegele walipowaona wakitawanyika ndani ya vizimba, na Mama Suzana alimshika Kashindye mabega akisema, "Wabeja sana, mwanangu, wabeja," akamshukuru kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, mara nyingi. Kashindye alipokea shukrani hizo moyo ukiwa mzito, maana alijua zina mwenyewe. Lakini hakupiga simu. Alijiambia kwamba Evelina ndiye aliyekosea, kwa hiyo Evelina ndiye wa kuanza.

Siku ya tatu walikuwa mezani, ugali na mboga za majani, yeye na Masele.

"Halafu hujaniambia asante," Masele alisema akikata tonge.

"Ya nini?"

"AC. Ijumaa nilipokwenda na gari lako kuwachukua wakwe zangu Nyegezi, tulisimama juani, nikaona baridi haitoshi. Nikapitia kwa jamaa mmoja wa barabarani, akaongeza gesi kopo zima. Nilitaka kukufanyia wema, nikasema utashangaa mwenyewe njiani."

Tonge lilibaki mkononi mwa Kashindye. Masele alimwona mdogo wake akibadilika rangi, akauliza kama amepaliwa.

"Kaka," Kashindye alisema, "umenifukuzia mke."

Lakini alipolala chali usiku huo alijua kwamba haikuwa hivyo. Masele aliongeza gesi. Yale maneno mengine yote aliyasema yeye.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Alipiga mara tano kwa siku, kisha akaona anamsumbua, akaacha. Wiki ilipoisha alilipeleka gari Mirongo.

Evelina alikuwa amerudi. Alisimama na spana mkononi, ovaroli ileile, uso hauna kitu.

"Shikamoo, mzee," Kashindye alimwambia Mzee Fatehali. "Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Mimi hukunikosea. Waliosikia ni hawa," mzee alisema, akaonyesha yadi.

Kashindye akaenda katikati ya yadi, penye mafundi na wateja. "Jumamosi iliyopita mlinisikia kwenye simu nikimwambia fundi huyu kwamba kazi yake ni mbovu. Kazi yake ilikuwa nzima. Gesi iliongezwa na kaka yangu, mimi sikujua na wala sikuuliza. Na samaki wangu wakaokolewa na yeye huyo huyo niliyekuwa namtukana. Nimekosa."

Evelina alisogea, akafungua boneti, akafunga geji zake. Mishale yote miwili ilipanda juu.

"Soma mwenyewe," alimwambia.

"Imezidi."

"Imezidi sana." Aliinyonya gesi yote kwa mashine, akapima upya, akajaza, akafunga. Kazi ya saa nzima, na hakusema neno jingine. Alipomaliza alifuta mikono.

"Nimekusikia. Asante kwa kusema mbele za watu. Sasa nenda."

"Eve…"

"Suala la gesi si kubwa, Kashindye. Kaka yako alitaka wema. Ila mimi nilikuuliza nani kaongeza, na wewe ukaapa. Hukusema sijui, hukusema ngoja niulize nyumbani. Uliapa juu yangu. Siku nyingine jambo likiharibika ndani ya nyumba, si utaapa tena?"

Kashindye aliondoka, kiyoyozi kikipiga baridi safi, na hakukumbuka hata kukizima alipofika.

*

Hakumpigia tena. Ila kila alipomaliza safari alimwandikia ujumbe mmoja tu. "Fundi, leo nimefika Sengerema, vifaranga wazima. Asante." Wiki nyingine: "Leo Bunda, foleni saa nzima juani, AC haikuzima hata mara moja. Asante." Hakuomba kitu, hakuuliza habari zake, hakuandika neno la mapenzi.

Evelina alizisoma zote. Mwanzoni alizisoma kwa hasira. Mwezi wa nane alianza kuziona zinachelewa, akawa anatazama simu siku za safari. Mwezi wa kumi, ujumbe uliposema gari limefika Ukerewe, aliandika, akafuta, akaandika tena: "Ulipima joto la hewa?"

Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini. "Digrii saba. Asante."

Akatabasamu peke yake kwenye benchi, na Mzee Fatehali, aliyekuwa anamwona kutoka mlangoni, akageuza kiti chake atazame barabarani.

Mwezi wa kwanza Evelina akapigiwa simu na mwanamke asiyemfahamu.

"Wewe ndiye Evelina, fundi wa baridi? Mimi ni Mama Suzana, wa vizimba vya kule mbele ya Magu. Jumamosi tunavua samaki wetu wa kwanza. Akina mama wote wamesema hatuvui bila wewe."

"Mimi, mama? Mimi sijawahi hata kufika huko."

"Wewe ndiye uliyewaokoa kwa simu. Kashindye alitueleza mara ya pili alipokuja kupima maji, na kila akija anatueleza upya, mpaka tumekariri. Nikamwambia basi muite, akasema yeye hana haki ya kukuita. Ndiyo maana nimeomba namba."

Jumamosi hiyo Evelina alivaa gauni jekundu la kitenge lenye maua meupe, akashuka kwenye pikipiki saa nne asubuhi. Ziwa lilikuwa shwari. Akina mama walikuwa wamejifunga khanga viunoni, wengine wamesimama juu ya vizimba vinavyoelea, wengine ndani ya mitumbwi. Nyavu zilipoinuliwa, maji yalichemka kwa samaki. Sato wakubwa, weusi mgongoni, walirukaruka wakirusha maji mpaka kwenye nyuso za watu, na vigelegele vikapigwa kutoka kizimba hadi kizimba.

Mama Suzana alimshika mkono, akamweka mbele ya wenzake. "Huyu ndiye. Watoto wangu wawili wanarudi shule mwezi huu, na huyu ndiye aliyefanya hivyo. Wabeja, mwanangu." Kila mmoja alikuja kumshika mkono, mikono yenye maji na magamba, na kila mmoja akasema wabeja. Evelina, aliyekuwa amezoea kukosolewa, hakujua afanye nini na macho yake. Aliyaacha yatoe machozi.

Kashindye alikuwa ndani ya maji hadi magotini, suruali imekunjwa, akisaidia kuvuta mtumbwi. Alimwona. Alitoka majini taratibu, akasimama mbali kidogo.

"Habari, fundi."

"Salama. Umekonda."

"Kazi." Alijifuta mikono kwenye shati. "Sikuja hapa kukuomba urudi, Evelina. Nataka tu ulione hili kwa macho yako. Ni lako. Nashukuru umekuja."

"Asante, asante, asante," Evelina alisema. "Miezi saba unanishukuru. Huna neno jingine?"

"Ninalo. Naliogopa."

"Liseme."

Akina mama walikuwa wamenyamaza, wakijifanya wanahesabu samaki.

"Nataka nikuoe," Kashindye alisema. "Na siapi. Nilishaapa vya kutosha. Nitakuwa nauliza. Jambo likiharibika nitakuuliza wewe kwanza, na nitangoja unijibu, hata kama unafanya kazi bila kuongea."

Evelina akafungua mkoba wake, akatoa simu, akapiga.

"Baba, shikamoo… Niko salama… Baba, Jumamosi ijayo kutakuwa na mgeni huko nyumbani. Anataka kuja kuzungumza na wewe." Alisikiliza. Akageuka kidogo, akampa Kashindye mgongo, lakini sauti ilisikika vizuri. "Ndiyo, baba. Huyo huyo."

Kashindye alisogea hatua moja. "Ulimwambia habari zangu?"

"Tangu mwezi wa tatu." Akamnyooshea simu. "Anakutaka."

Kashindye aliipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Sauti ya mzee ilikuwa nzito, ya polepole. "Binti yangu alikuja hapa mwaka jana, akakaa siku nne hali chakula. Unajua hilo?"

"Sikulijua, baba. Najua sababu ilikuwa mimi."

"Nilikukasirikia sana. Halafu akawa ananisomea ujumbe wako kwenye simu, kila wiki. Nikamwambia, mtu anayeshukuru bila kudai kitu, huyo mlete nimwone." Mzee alikohoa. "Njoo na wazee wako. Meli ya asubuhi. Tutakuwa tumeandaa chakula."

Kashindye alitaka kusema mengi. Alimtazama Evelina aliyekuwa amesimama kwenye mchanga, gauni jekundu limelowa pindo, Mama Suzana akimfunga khanga mpya begani.

"Asante, baba," alisema, akaenda kumrudishia Evelina simu.